Mwenda Jean Bosco: vidole viwili, gitare moja, zawadi ya kwanza

Kijana anayejifunza gitare leo Bukavu ao Goma, mara mingi anawaza kama gitare ya Kongo ni Kinshasa na Lingala tu. Mzee Mwenda Jean Bosco alikuwa Katanga, na aliimba kwa Kiswahili.

Alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, kwenye makao ya Bayeke, watu wa mfalme Msiri. Alisoma, kisha akapata kazi ya biro Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Gitare ilikuwa ya nje ya saa za kazi.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza wa Afrika Kusini aliyekuwa anazunguka na mashini ya kurekodi, akamukuta kule Jadotville na akamurekodi. Kati ya nyimbo hizo mulikuwa Masanga. Njo hiyo ilipewa nafasi ya kwanza katika zawadi ya Osborn, mashindano ya rekodi za muziki wa Afrika ya chama African Music Society. Sasa, Tracey mwenyewe ni mmoja wa waanzilishi wa kile chama. Mtu anaweza kuuliza: aliyerekodi na aliyeandaa mashindano, si ni kabila moja? Swali ni la haki.

Lakini sikiliza ile gitare. Bosco anatumia kidole gumba na kidole cha shahada, basi. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene, kile kingine kinajibu juu kwenye nyuzi nyembamba, na kila kimoja kina mwendo wake. Asiyejua anaapa kama ni watu wawili wamekaa kwenye kiti kimoja. Tena harudilii vilevile: kila mara anageuza kidogo. Mwaka 1961 na 1962 mwalimu David Rycroft, wa chuo kikuu cha London, alichapisha uchunguzi mrefu juu ya ile kupiga kwake, na kuiandika kwa noti. Muziki wa karani wa Jadotville!

Sahani zake zilivuka mipaka. Kwenye mwisho wa myaka ya 50 alikaa kidogo Nairobi, akawa na kipindi kwenye redio, na wapiga gitare wa Kenya wakamwiga. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la Newport, Marekani.

Pamoja na hayo yote, hakuacha kutafuta mshahara. Alifanya banki, alifanya Gécamines, aliongoza orkesta Lubumbashi, akafungua na hoteli. Wengine wanaweza kusikitika. Mimi naona alijua hesabu. Zawadi inaleta jina, lakini mwisho wa mwezi watoto wanaomba chakula.

Wakati wa Mobutu, majina ya kikristo yalipokatazwa, akajiita Mwenda wa Bayeke. Mwaka 1979 Mwingereza John Low alifunga safari mpaka Shaba ili kujifunza gitare kwake na kwa wenzake, kama Losta Abelo na Edouard Masengo. Vijana wa mjini wakati ule walikuwa wanacheza gitare ya umeme.

Alikufa katika ajali ya gari, Septemba 1990. Rekodi za Tracey zinatunzwa Makhanda, Afrika Kusini, mbali sana na Likasi.