Benjamin Franklin: Mzee Aliyeionyesha Radi Njia

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Leo nawaletea maisha ya mtu aliyeutekeleza usemi huo ingawa hakujua neno la Kiswahili.

Benjamin Franklin alizaliwa mjini Boston, Marekani, tarehe 17 Januari 1706. Wakati huo Boston ilikuwa chini ya Waingereza. Baba yake alikuwa fundi wa mishumaa na sabuni, tena mwenye watoto 17! Karo ikawa shida. Benjamin alisoma kama miaka miwili tu, na alipofika umri wa miaka 10 akatolewa shuleni. Akiwa na miaka 12 alipelekwa kwa kaka yake kujifunza kazi ya kupiga chapa. Wakakosana, na mwaka wa 1723 kijana huyo akatorokea Philadelphia. Huko alifanya kazi kwa bidii ya mchwa, akawa na mtambo wake na gazeti lake. Kufikia 1748 alikuwa na mali ya kutosha, akaacha biashara ili achunguze mambo ya stima.

Siku hizo radi ilikuwa si mchezo. Huko Ulaya watu walipiga kengele za kanisa ili kuifukuza dhoruba, na wapiga kengele wengi wakafa kwa sababu mnara mrefu ndio unaopigwa kwanza. Franklin alishuku kwamba radi ni stima tu. Mwaka wa 1752 yeye na mwanawe William walirusha tiara wakati wa mawingu mazito. Kwenye kamba iliyolowa alifunga ufunguo, naye akashika utepe mkavu wa hariri. Alipousogezea ufunguo kidole, cheche ikaruka. Wengi hudhani radi iliipiga ile tiara. La hasha! Ingeipiga, hadithi yake ingeishia hapo. Tiara ilivuta stima ya mawinguni tu.

Hatari yenyewe ilionekana mwaka wa 1753. Mwanasayansi Georg Richmann, wa St Petersburg kule Urusi, aliweka fimbo ya chuma iliyoteremka hadi ndani ya nyumba bila kuiunganisha na ardhi. Radi ilipokuja ilikosa njia, ikamrukia kichwani, akafa papo hapo.

Dawa ya Franklin ilikuwa rahisi: fimbo ya chuma juu ya paa, na waya unaoshuka hadi ndani ya udongo. Hakushindana na radi, bali aliipa njia yake. Wako waliompinga. Baada ya tetemeko la ardhi la 1755, mhubiri mmoja wa Boston alidai kwamba fimbo hizo ndizo zilizolileta. Lakini majumba yakapona, watu wakanyamaza. Naye Franklin hakutaka hata senti moja kwa uvumbuzi huo. Alimwachia kila mtu atengeneze bure.

Baadaye alitia sahihi Azimio la Uhuru wa Marekani mwaka wa 1776. Ni kweli pia kwamba aliwahi kumiliki watumwa, lakini uzeeni aligeuka akapigania utumwa ukomeshwe. Alifariki tarehe 17 Aprili 1790, akiwa na miaka 84.

Sasa utaniuliza, sisi yatuhusu nini? Ndugu msomaji, itazame runinga ya nyumbani. Radi ikipiga nyaya za stima hata mbali na kwenu, volti hupanda ghafla na kuifuata waya hadi sebuleni. Nyingine hupitia antena. Kile kidude cha kukinga runinga kinachouzwa madukani hufuata wazo lilelile la mzee Franklin. Volti zikiwa 240 za kawaida kinatulia, zikizidi mno kinafungua njia nyingine ili mzidio usiingie kwenye runinga. Mwingine humwagwa ardhini kupitia pini ya tatu ya plagi. Kwa hivyo soketi isiyo na waya wa ardhini hukipunguzia nguvu, na anayeikata ile pini ya tatu ili plagi iingie anajikaangia mwenyewe.

Hata hivyo, hakuna kidude cha kuhimili radi inayopiga nyumba yenyewe. Mawingu yakianza kujikusanya, kabla ngurumo hazijafika, chomoa plagi, chomoa na waya wa antena. Kipindi kitarudiwa, lakini maisha hayarudiwi.