Mbaruk wa Gazi: Maisha na Nasaba ya Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui

Katika pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Galu na Kinondo hadi Msambweni na Vanga, jina la Mbaruk halihitaji maelezo marefu. Mbaruk ni wa Gazi, basi. Lakini mwanafunzi wa historia au wa fasihi anayeingia maktabani kumtafuta Mbaruk huyo hukabiliwa na tatizo ambalo wenyeji hawanalo. Katika maandishi ya mwaka 1895 wamo akina Mbaruk wawili, wote wakiitwa Mbaruk bin Rashid, wote Wamazrui, na wote wakipigana na serikali moja. Makala haya yanakusudia kusimulia maisha ya Mbaruk wa Gazi kwa kuifuata nasaba yake. Tunashikilia kwamba pasipo nasaba hiyo vita alivyopigana havieleweki, na mwenyewe hubakia kuwa vile alivyoitwa na waliomshinda: mwasi aliyekosa adabu.

Tuanze na jina lenyewe. Jina lake kamili ni Mbaruk bin Rashid bin Salim bin Ahmad bin Muhammad bin Uthman al-Mazrui. Msomaji asiyezoea nasaba za Kiarabu huweza kuyaruka majina haya kama mtu arukaye dibaji ya kitabu. Asiyaruke, kwa kuwa karibu kila jina hapo ni la mtu aliyewahi kuitawala Mombasa.

Muhammad bin Uthman aliletwa kutoka Oman katika miaka ya 1730 awe liwali wa Mombasa kwa niaba ya Imamu wa ukoo wa Yaarubi. Ukoo wa Busaidi uliposhika utawala huko Oman katika miaka ya 1740, Muhammad alikataa kuutambua. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kama Ahmad bin Said ameutwaa uimamu, yeye naye anaweza kuitwaa Mombasa. Aliuawa mwaka 1746 kwa hila ya watu waliotumwa kutoka Oman. Ndugu yake, Ali bin Uthman, aliponyoka kifungoni Ngomeni, akakusanya watu, akairudisha ngome mikononi mwa ukoo. Tangu hapo Wamazrui waliitawala Mombasa kwa muda wa karibu karne nzima bila ya kumtii mtu wa Maskati.

Ahmad bin Muhammad alitawala kwa miaka zaidi ya 30 hadi alipofariki mwaka 1814. Ni mwishoni mwa siku zake ambapo majeshi ya Mombasa na Pate yalishindwa vibaya na watu wa Lamu huko Shela, tukio lililowafungulia Mabusaidi mlango wa pwani ya kaskazini. Mwanawe, Salim bin Ahmad, ndiye aliyemrudisha nyuma Sayyid Said bin Sultan zaidi ya mara moja. Zama hizo za mapambano ndizo zilizomlea Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, ambaye mashairi yake ya kisiasa hayasomeki barabara mpaka msomaji ajue ni Mazrui yupi alikuwa Ngomeni wakati shairi linatungwa. Walimu wetu hutwambia tusome muktadha. Katika mashairi ya Muyaka, sehemu kubwa ya muktadha ni nasaba.

Salim alifariki mwaka 1835, na hapo ukoo ukagawanyika juu ya nani amrithi. Mgawanyiko huo ulifanya kazi ambayo mizinga ya Sayyid Said ilishindwa kuifanya. Mwaka 1837 Mombasa ilichukuliwa. Liwali wa mwisho, Rashid bin Salim, pamoja na wakuu wa ukoo zaidi ya 20, walikamatwa kwa hila, wakapakiwa jahazini na kupelekwa Ghuba ya Uajemi, ambako hawakurudi. Rashid huyo ndiye baba yake Mbaruk. Mtoto akakua akiwa na baba aliyekuwa liwali, na asiye na kaburi lijulikanalo nyumbani.

Waliosalimika waligawanyika. Kundi moja lilikwenda kaskazini, likakaa Takaungu. Hao walihesabiwa kuwa wa mlango wa Zahir. Kundi jingine, la mlango wa Uthman, lilikwenda kusini na kujenga Gazi chini ya uongozi wa Abdallah bin Khamis. Baada yake uongozi ulimfikia Mbaruk. Takaungu ilijifunza kuishi na Zanzibar. Gazi haikujifunza, au tuseme Mbaruk hakutaka ijifunze.

Kwa miaka mingi Mbaruk alikuwa mwiba katika mguu wa Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888. Hatuna haja ya kuvihesabu hapa vita vyake kimoja kimoja, maana vilifuata mtindo mmoja: jeshi la Sultani linakuja, Mbaruk anaiacha Gazi na kupanda bara hadi Mwele, ngome yake iliyokuwa msituni karibu na milima ya Shimba. Jeshi linachoka, anashuka, mapatano yanafanywa, na baada ya muda mambo yanaanza upya. Hata Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa jemadari wa jeshi la Zanzibar, aliizingira Mwele mwaka 1882, akaingia ndani, lakini mwenyewe Mbaruk akawa ameshapenya na kwenda zake.

Swali la kuuliza hapa ni hili: alipata wapi watu wa kumficha, kumlisha na kumpigania katika ardhi isiyokuwa ya Waarabu? Jibu limo katika sehemu ya nasaba ambayo haikuandikwa. Nasaba ya Kiarabu hupanda kwa baba: bin, bin, bin. Mama hatajwi. Wadigo kwa desturi yao ya zamani walihesabu jamaa na urithi kwa upande wa mama, kwa fuko. Pale ambapo Waarabu na Waswahili wa pwani walioa katika vijiji vya Wadigo, watoto walihesabika mara mbili: katika karatasi ya baba walikuwa wa ukoo wa baba, na katika kumbukumbu ya wajomba walikuwa wa fuko la mama. Karatasi imehifadhiwa, imetafsiriwa, imechapwa. Kumbukumbu ya wajomba haikupata bahati hiyo. Kwa maoni yangu, mtafiti anayetaka kuieleza nguvu ya Mbaruk kwa kutazama upande wa baba peke yake ataishia kusifu ujanja wake wa vita, na kuusahau ujamaa uliomfungulia njia za msituni.

Wapo pia waliokosa nasaba za pande zote mbili. Utajiri wa Gazi, kama wa Takaungu na Malindi, ulitegemea mashamba yaliyolimwa na watumwa, na Mbaruk aliwamiliki. Ni vyema jambo hili lisemwe wazi, kwa kuwa waandishi wanaompenda hulipitia mbio. Tatizo la kutokuwa na majina si la pwani yetu pekee. Huko Marekani, mtu anayefuatilia ukoo wa wakulima wa Ohio au Indiana wa karne ya 19 huisifu sensa ya mwaka 1850, kwa sababu ndiyo ya kwanza kuandika jina la kila mtu huru katika nyumba, badala ya mkuu wa nyumba peke yake. Katika sensa hiyohiyo, watumwa wa majimbo ya kusini waliorodheshwa kwa umri na jinsia, wengi wao bila ya majina. Wajukuu wao hufika mwaka huo wakakuta ukuta. Mjukuu wa mtumwa wa Gazi hukutana na ukuta kama huo.

Turudi kwenye mwaka 1895. Pwani ilikuwa mikononi mwa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati yake mwaka 1888 na ambayo sasa ilikuwa inafilisika. Mbaruk wa Gazi, mzee tayari, alikuwa amepatana nayo. Mwezi Februari Salim bin Khamis, mkuu wa Takaungu, akafariki, na kukazuka swali lilelile la mwaka 1835: nani amrithi? Kampuni ilimsimika mwanawe, kijana aitwaye Rashid bin Salim. Lakini kwa hesabu ya ukoo aliyestahiki alikuwa mpwa wa marehemu, mtoto wa kaka yake, ambaye alikuwa mkubwa kwa umri na kwa heshima. Jina lake lilikuwa Mbaruk bin Rashid.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mbaruk wa Takaungu ni Mbaruk bin Rashid bin Khamis. Mbaruk wa Gazi ni Mbaruk bin Rashid bin Salim. Ni jina la babu tu linalowatenga. Na kama kwamba hilo halitoshi, yule kijana aliyesimikwa na Waingereza, Rashid bin Salim, alikuwa na jina lilelile la baba yake Mbaruk wa Gazi, liwali wa mwisho aliyechukuliwa mwaka 1837. Maafisa wa Kiingereza, ambao mawasiliano yao juu ya vita hivi yalichapishwa London mwaka 1896, walijitahidi kuwatofautisha kwa kutaja miji yao. Wasomaji wao wa baadaye hawakujitahidi sana.

Kwa Kampuni, kumrithisha mtoto mali na cheo cha baba yake lilikuwa jambo la kawaida lisilohitaji mjadala. Kwa Wamazrui cheo hakikuwa shamba la kurithiwa na mtoto. Kilimwendea mkubwa wa ukoo aliyekubaliwa na wenziwe. Hata orodha ya maliwali wa Mombasa yaonyesha hivyo: baada ya Muhammad bin Uthman alifuata ndugu yake, si mwanawe. Waingereza hawakuusoma ukoo huo kabla ya kuuamulia. Mbaruk wa Takaungu na ndugu yake Aziz walikataa uamuzi, wakashambuliwa, wakakimbilia kusini kwa jamaa yao wa Gazi.

Mbaruk wa Gazi alikuwa na njia mbili. Angeweza kuwakabidhi na kubakia na amani yake. Milango ya Zahir na Uthman ilikuwa imetengana kwa miaka karibu 60, na si kwa mapenzi. Aliwapokea. Huenda alitazama mbele na kuona kwamba serikali inayoweza kumchagulia Takaungu mkuu wake, kesho itamchagulia Gazi. Tarehe 1 Julai 1895 serikali ya Uingereza yenyewe ilichukua nafasi ya Kampuni, na sasa adui hakuwa tena duka lililofilisika.

Tarehe 17 Agosti 1895 Mwele ilitekwa na jeshi lililoongozwa na Admeri Harry Rawson. Mtu huyo mwaka uliofuata aliupiga mizinga mji wa Zanzibar, na mwaka 1897 akaiteketeza Benin huko Afrika Magharibi. Nishani walizopewa askari wake zilichongwa ukingoni neno Mwele. Lakini kutekwa kwa ngome hakukuvimaliza vita. Hamisi bin Kombo wa Mtwapa, Mswahili asiyekuwa Mazrui, naye aliingia, na mwambao wa bara ukatingishika kutoka mpaka wa Wajerumani hadi kaskazini ya Mombasa. Ilibidi Waingereza walete askari kutoka Bombay mapema mwaka 1896. Mwezi Aprili mwaka huo Mbaruk na wafuasi wake wengi walivuka mpaka, wakajisalimisha kwa Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Alipewa makazi karibu na Dar es Salaam, akaishi huko kwa posho ya wageni hadi alipofariki mwaka 1910.

Kwa upande wa fasihi, jambo linalonishangaza ni jinsi Mbaruk alivyopita pembeni ya tungo zilizofika mikononi mwetu. Muyaka alifariki karibu na mwaka 1840, mapema mno. Utenzi wa Al-Akida, uliotungwa na Abdallah bin Masud al-Mazrui na kuchapishwa katika kitabu cha Mbarak Ali Hinawy mwaka 1950, unamhusu akida wa Ngomeni aliyemwasi Barghash na kupigwa mizinga na manowari za Kiingereza mwezi Januari 1875. Akida huyo ni yuleyule ambaye awali alitumwa kupigana na Mbaruk. Hivyo twapata utenzi uliotungwa na Mazrui, juu ya adui wa Mazrui. Naye Sheikh Al-Amin bin Ali al-Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya aliyefariki mwaka 1947, aliandika kwa Kiarabu historia ya ukoo, ambayo tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka mwaka 1995. Kitabu hicho ni msingi wa kila anayeifuatilia nasaba hii, ila mhimili wake ni maliwali wa Mombasa, na Mbaruk hakuwahi kuwa liwali wa Mombasa.

Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi ya pwani, iliyomtaka kila mwenye kudai shamba afike mbele ya msajili na kuthibitisha haki yake. Wamazrui wa Takaungu walitambuliwa, na ardhi yao ikaja kulindwa kwa sheria maalumu iliyodumu hadi ilipofutwa mwaka 1989. Usajili huo ulipoanza, mzee wa Gazi alikuwa angali hai, ng'ambo ya mpaka, kwa Wajerumani. Nyumba yake ya Gazi ilikuja kutumiwa kama shule ya msingi.