Abul-Qasim Az-Zahrawi na Mfupa wa Mkono

Tumezoea kutaja hapa maisha ya wanavyuoni wa fiqihi na hadithi. Leo twamtaja tabibu, Abul-Qasim Khalaf bin Abbas Az-Zahrawi. Alizaliwa kiasi cha mwaka 936 katika mji wa Az-Zahra, jirani ya Qurtuba, nchi ya Andalus, akafariki kiasi cha mwaka 1013.

Kitabu chake, At-Tasrif, kina makala 30. Makala ya mwisho ni ya upasuaji, yenye picha za vyombo kiasi cha 200. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona aliifasiri kwa Kilatini mjini Toledo, na waganga wa Ulaya wakaisoma kwa karne nyingi.

Aliona kwamba kazi hii imeharibika kwa ujinga. Alishuhudia mganga asiyejua maungo akipasua uvimbe wa shingo ya mwanamke, akakata mshipa wa damu, na mwanamke akafa papo hapo. Kwa hivyo akashurutisha kwamba asiguse kisu ila aliyejifunza mifupa, mishipa na nyama za mwili.

Katika mlango wa mfupa wa baina ya bega na kiwiko, alieleza jinsi ya kuupitisha mkono juu ya mti laini ulioning'inizwa kwa kamba, ukavutwa chini, na tabibu akalinganisha vipande kwa mikono yake.

Elimu ya leo imezidisha. Chini ya kichwa cha mfupa huo pana shingo. Ikivunjika, huweza kuumia mshipa wa fahamu unaoinua mkono. Nyuma ya katikati yake pana mfuo upitiwao na mshipa mwingine. Ukiumia, kiganja huanguka, hakiinuki. Nyuma ya kinundu cha ndani ya kiwiko umo ule mshipa ambao ukigongwa, ganzi hushuka hadi kidole cha mwisho. Na mtoto akivunjika juu kidogo ya kiwiko, mshipa wa damu huweza kubanwa.

Twayasema haya kwa kuwa watoto huanguka miembeni huku pwani, na vijana huanguka na pikipiki huko Matisi, kando ya Kitale. Kisha hufungwa mabanzi ya kukaza, wala hapana aliyegusa mpigo wa damu kifundoni mwa mkono, wala kuuliza kama vidole vyasikia. Vidole vikiwa baridi, au vikigeuka rangi, au maumivu yakizidi baada ya kufungwa, fungo lilegezwe na mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile. Nyama za mkono zikikosa damu kwa saa chache tu huweza kufa, na mkono ukabaki umekunjamana maisha.

Basi atakaye kuunga mifupa ya watu na ajifunze kwanza. Mapokeo ya wazee yana heshima yake, walakini mkono wa mtoto ni amana, na amana haichezewi kwa kudhani.