Mzee Karume na katiba iliyochelewa

Kila tarehe 7 Aprili ofisi hufungwa, na watu huenda Kisiwandui kumuombea dua Sheikh Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar. Leo tunasimulia maisha yake kwa upande usiozungumzwa sana: kwa miaka minane aliyotawala, hakukuwa na sheria iliyoeleza jinsi ya kumwondoa rais madarakani.

Alizaliwa mwaka 1905. Ujana wake aliupitisha baharini, na aliporudi Unguja akawa kiongozi wa mabaharia wenye motaboti za kushusha abiria kutoka melini hadi pwani ya Mji Mkongwe. Skuli hakusoma sana, lakini watu walimsikiliza. Mwezi Februari 1957 Jumuiya ya Waafrika na ile ya Washirazi ziliungana, ikazaliwa ASP chini ya uongozi wake. Julai ya mwaka huohuo akashinda kiti cha Ng'ambo.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalimwondoa Sultani Jamshid na kuifuta katiba ya uhuru, ambayo ilikuwa na umri wa mwezi mmoja tu. Wakuu wapya waliahidi kuitisha baraza la kutunga katiba nyingine ndani ya mwaka. Mwaka ukapita, baraza likaahirishwa, na halikuitishwa tena katika uhai wa Mzee Karume.

Basi Baraza la Mapinduzi likawa ndilo linalotunga sheria na ndilo linaloendesha serikali, na mwenyekiti wake ni Rais mwenyewe. Uchaguzi haukuwepo. Muungano wa Aprili 1964 ulimfanya Makamu wa Kwanza wa Rais wa Tanzania, lakini kumweka au kumtoa Rais wa Zanzibar hakukuwa kazi ya Bunge la Muungano.

Sisi tunadhani watu wengi wa mashamba hawakulihisi pengo hilo. Walipewa eka tatu tatu za ardhi, watoto wakasoma bila ada, majumba ya Michenzani yakaanza kuinuka. Familia zinazolima eka hizo zipo hadi leo. Ila aliyempinga Rais hakuwa na pa kupeleka hoja yake. Abdulla Kassim Hanga, aliyekuwa Waziri Mkuu baada ya mapinduzi, na Othman Sharif walirudishwa Zanzibar kutoka bara mwaka 1969, wakauawa.

Jioni ya Ijumaa, tarehe 7 Aprili 1972, Mzee Karume alikuwa makao makuu ya ASP, Kisiwandui, akicheza bao na wenzake. Watu wenye silaha wakaingia na kumpiga risasi, akafariki.

Baraza la Mapinduzi likamchagua Aboud Jumbe. Katiba ya kwanza tangu mapinduzi ilikuja mwaka 1979, na Baraza la Wawakilishi likaanza vikao mwaka uliofuata. Hata hivyo, Januari 1984 Jumbe alijiuzulu baada ya kubanwa kwenye kikao cha chama, CCM, kule Dodoma. Wawakilishi hawakupiga kura yoyote juu ya jambo hilo.

Mwaka huohuo ikatungwa katiba inayotumika hadi sasa. Kifungu cha 37 kinalipa Baraza la Wawakilishi uwezo wa kumshitaki Rais wa Zanzibar na kumwondoa. Rais wa Muungano naye ana njia yake, ibara ya 46A ya Katiba ya Tanzania. Hoja lazima itiwe sahihi na angalau asilimia 20 ya wabunge wote na ifike kwa Spika siku 30 kabla ya kikao. Theluthi mbili wakikubali, inaundwa kamati ya uchunguzi: Jaji Mkuu wa Tanzania, Jaji Mkuu wa Zanzibar na wajumbe saba. Rais hupewa nafasi ya kujitetea, kisha ndipo kura ya mwisho, na hiyo pia inataka theluthi mbili. Njia ndefu, tena kwa makusudi.

Ndiyo maana mpiga kura wa Makunduchi au Nungwi huchagua watu wawili wa jimbo lake: mwakilishi, mwenye kura juu ya Rais wa Zanzibar, na mbunge, mwenye kura juu ya Rais wa Muungano.