Alessandro Volta, baba wa pile, alishinda mjadala wa chura lakini akakosea sababu

Neno pile, tunalolitumia kila tukienda dukani kutafuta za radio ao za tochi, ni la Kifaransa na maana yake ni lundo. Lundo lenyewe lilipangwa Italia na Alessandro Volta, zaidi ya miaka 220 iliyopita.

Volta alizaliwa Como, kaskazini mwa Italia, tarehe 18 Februari 1745. Inasimuliwa kwamba alichelewa sana kusema, hata jamaa wakaingiwa na wasiwasi. Alifundisha fizikia mjini kwao, na kuanzia 1779 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Pavia. Aliwahi pia kukusanya gesi ya metani kwenye matope ya Ziwa Maggiore, gesi ile ile iliyo chini ya Ziwa Kivu letu.

Mwaka 1791, Luigi Galvani, daktari wa Bologna, alitangaza kwamba miguu ya chura aliyekufa inarusha teke ikiguswa na metali mbili tofauti. Kwake yeye, umeme ulitoka ndani ya mnyama. Volta kwanza alikubali, kisha akajiuliza: mbona metali zinapaswa kuwa mbili tofauti? Akaweka bati na sarafu ya fedha kwenye ulimi wake mwenyewe, akasikia ladha ya ajabu. Wasomi wa Ulaya wakagawanyika pande mbili. Galvani hakuona mwisho wa mjadala: alikataa kula kiapo kwa utawala mpya ulioletwa na majeshi ya Ufaransa, akapoteza kazi, akafariki 1798.

Volta akamwondoa chura kabisa. Alipanga visahani vya zinki na vya fedha, kimoja juu ya kingine, na kati ya kila jozi akatia karatasi ngumu iliyolowa maji ya chumvi. Ukigusa juu na chini, umeme unakupiga, na unaendelea kukupiga. Kabla ya hapo umeme wa kusugua ulitoa cheche na kuisha papo hapo. Tarehe 20 Machi 1800 aliandikia Joseph Banks huko London habari hiyo. Mwaka uliofuata alionyesha kazi yake Paris mbele ya Napoleon, akapewa medali ya dhahabu.

Lakini hapa mwanafunzi wa sekondari anamshinda Volta. Yeye aliamini kwamba metali mbili kugusana kunatosha, maji ya chumvi ni njia tu. Sivyo. Zinki ndiyo inaliwa: kila atomu yake inaacha elektroni mbili na kuingia majini ikiwa ioni. Elektroni zinapita kwenye waya hadi upande wa fedha, ambako hidrojeni ya maji inazipokea na kutoa mapovu. Ndani ya maji ya chumvi, ioni zinasogea ili mzunguko ukamilike. Mapovu yakifunika fedha, ao zinki ikiisha, umeme unadhoofika. Na Galvani naye hakukosea kabisa, maana mishipa ya fahamu hubeba umeme kweli.

Mapovu hayo yaliondolewa 1836 na John Frederic Daniell wa London, aliyetumia shaba ndani ya sulfate ya shaba. Ndiyo pile ambayo wanafunzi wanachora daftarini. Volta hakuiona, alifariki Como tarehe 5 Machi 1827. Ile V iliyoandikwa kwenye pile ya 1,5 V ni ya jina lake, tangu 1881.