Jigoro Kano: Dogo aliyeonewa bwenini, akaanzisha judo

Judo haikuanzia vitani wala kwenye kasri la mfalme. Ilianza na mwanafunzi wa bweni jijini Tokyo, mfupi na mwembamba, aliyechoka kupigwa na wenzake.

Jigoro Kano alizaliwa mwaka 1860 huko Mikage, karibu na Kobe, kwenye familia yenye uwezo iliyotengeneza sake, pombe ya mchele. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mtoto, baba akamhamishia Tokyo. Darasani alikuwa kichwa, hasa kwenye Kiingereza. Shida ilikuwa umbo. Hata utu uzimani hakufika sentimita 160, na wababe wa bweni walimgeuza ngoma.

Aliposikia kuna jujitsu, mapigano ya zamani ambayo mdogo anaweza kumwangusha mkubwa, akaomba afundishwe. Baba akagoma. Kwa wakati ule hakuwa peke yake: utawala wa mashogun ulishaanguka mwaka 1868, samurai walikatazwa kubeba panga mwaka 1876, na Wajapani wengi waliona jujitsu ni ushamba. Walimu wake wengi walikuwa wanaishi kwa kuunga mifupa iliyovunjika.

Kano akatumia hilo hilo. Akaanza kuzunguka kwa waunga mifupa akiulizia mwalimu, hadi mwaka 1877 akampata Fukuda Hachinosuke.

Fukuda hakuwa mtu wa maelezo. Ukimuuliza mbinu inafanywaje, anakubwaga chini. Ukiuliza tena, anakubwaga tena. Kano alirudi nyumbani amechubuka mwili mzima, kesho yake yupo.

Pale mazoezini kulikuwa na pande la mtu, Fukushima, ambaye Kano hakumuweza kabisa. Akajaribu mbinu za sumo, wapi! Akaingia maktaba kusoma vitabu vya mieleka ya Ulaya, akaibuka na mbinu ya kumbeba mpinzani mabegani na kumpindulia upande wa pili. Fukushima akaenda chini. Mbinu hiyo bado inafundishwa, inaitwa kata guruma.

Mwaka 1882 akafungua shule yake, Kodokan, ndani ya hekalu la Eishoji. Ukumbi ulikuwa na mikeka 12 tu na wanafunzi 9. Mwenyewe alikuwa na miaka 21.

Uamuzi wake mkubwa ulikuja hapa. Mbinu za kuvunja viungo, kupiga ngumi na mateke akaziondoa kwenye mazoezi ya kushindana, zikabaki kwenye mazoezi ya kupangwa. Ungedhani amelainisha mambo. Kumbe mbinu ya kumvunja mtu huwezi kuijaribu kwa nguvu zote kwa mwenzako kila jioni, mnaishia kuigiza. Kubwaga, kukaba na kubana chini mnaweza, na yule mwingine anakataa kweli kweli. Ndiyo maana vijana wa Kodokan walizoea purukushani halisi. Katikati ya miaka ya 1880 walipambana na watu wa jujitsu ya zamani mbele ya polisi wa Tokyo, wakashinda mapambano mengi, na judo ikaingia kwenye mafunzo ya polisi.

Inasimuliwa pia kwamba akiwa melini akirudi kutoka Ulaya mwaka 1891, mgeni mmoja mkubwa wa mwili alimchokoza mbele ya abiria. Kano akamrusha, lakini akamwekea mkono chini ya kichwa asijiumize.

Muda wake mwingi aliutumia kwenye elimu, akiongoza chuo cha walimu. Mwaka 1909 akawa Mwasia wa kwanza kwenye Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Mei 1938, akitoka kwenye mkutano wa Cairo uliothibitisha Olimpiki ya 1940 kufanyika Tokyo, alifariki ndani ya meli ya Hikawa Maru akiwa na miaka 77. Miezi michache baadaye Japani, ikiwa vitani na China, ikajitoa kuandaa michezo hiyo.

Judo iliingia Olimpiki mwaka 1964, Tokyo hiyo hiyo. Fainali ya uzito wa wazi, Mjapani Akio Kaminaga alibanwa chini na Mholanzi Anton Geesink, jitu la karibu mita 2. Mashabiki wa Geesink walipotaka kuvamia mkeka kushangilia, yeye mwenyewe aliinua mkono kuwazuia.