Theresia Alipokosa Hamu ya Kula

Vijana wa Arusha, Theresia wa Mtoto Yesu, somo wa Kanisa Kuu letu, alizaliwa Ufaransa mwaka 1873, akaingia Karmeli ya Lisieux akiwa na miaka 15. Kifua kikuu kilimkondesha sana. Maziwa ya dawa aliyanywa kwa shida, ila kuna wakati alitamani kakeki ka chokoleti! Baada ya Agosti 19, 1897 hakuweza tena hata kukomunika. Upendo haukupungua, mwili ndio uliishiwa. Dada zake walimuuguza mpaka Septemba 30, akafariki akiwa na miaka 24. Basi, mgonjwa wako akikataa chakula, usimgombeze. Muulize anatamani nini, mpe mtori kidogo kidogo, kaa naye. Mtakatifu Theresia, utuombee.